Ukungu Hautii Sahihi

Barua imefika na karatasi mbili.
Wanaitaka ile picha ya chai, ya kule Mwakaleli,
waiweke kwenye kalenda, mwezi wa tano.
Laki tatu. Nimeisoma kwa sauti, studio nzima imesikia,
hata bibi harusi wa mwaka juzi pale ukutani,
ambaye hajalipa.
Kisha chini kabisa, maandishi madogo kama mayai ya chawa:
ambatanisha ridhaa ya kila anayeonekana.

Nikaiweka chini ya taa, nikahesabu wanaoonekana.
Mwanamke, kikapu mgongoni, mikono ndani ya majani.
Mtoto kando ya njia, sweta la shule, kakumbatia chupa ya uji.
Mwanamume pembezoni, nusu.
(Nusu naye anaridhia, au anaridhia nusu?)
Mashina ya chai, ya kampuni.
Kibao chenye nembo, cha kampuni.
Mlima, sijui nimwandikie nani.
Ukungu.

Karani wa shamba hakuitazama picha.
Alinitazama mimi, viatu vyangu, tope la kwao.
"Siku hiyo," akasema, "nani alikuruhusu kuingia?"
Nikajibu lango lilikuwa wazi.
"Hata mdomo wako u wazi. Niingie?"
Akaniambia niandike barua, nisubiri.

Mvua ya Tukuyu haina msimu, ina mapumziko tu.
Nikapita kwenye pumziko moja hadi kwa Subilaga.
Alikuwa anamenya ndizi. Akafuta mikono, akaipokea,
akaishika mbali, kisha karibu, kisha mbali.
"Koti hili la Bupe," akasema.
Halafu kimya, mpaka sufuria ikaanza kuchemka.
"Mimi nilidhani unapiga mlima.
Ningejua ni mimi, ningenyoosha mgongo."

Nikamweleza. Sheria, nikasema, picha ni ya aliyeipiga.
"Sawa. Picha yako.
Na uso?"

Nikatoa karatasi, nikatoa wino wa kidole.
Akacheka, akanionyesha dole gumba:
laini, jeupe kidogo, kama kokoto ya mtoni.
"Benki mashine inanikataa. Majani yamenisaga alama.
Lete kalamu."
Akaandika, herufi moja moja, kama anayechuma:
jani mbili na chipukizi, jani mbili na chipukizi,
S, u, b, mpaka mwisho, akaweka nukta ambayo sikuiomba.
"Laki moja na nusu," akasema. Nikakubali.
Nilikuwa nimekuja na elfu ishirini mfukoni, za kumshangaza.

"Na hapa, kwa ajili ya Lusekelo."
Kalamu ikasimama.
Baba yake yuko Chunya, anatafuta dhahabu,
sahihi yake hata yeye Subilaga hajaiona mwaka wa pili huu.
"Saini wewe, ni mama yake."
"Naweza," akasema. "Lakini huyu hajajifunza kukataa.
Asiyejua kukataa, ndiyo yake ni ya nini?"
Akanirudishia kalamu, akaendelea kumenya.

Usiku nikamkata mtoto kwenye picha.
Kwa mkasi wa kompyuta, haichukui dakika.
Nikamkata na yule nusu mtu, nikakikata kibao.
Imebaki chai.
Chai wanayo wengi.
Nikamrudisha mtoto mahali pake, nikazima taa.

Kesho yake nikamshusha bibi harusi ukutani.
Hajalipa, ni kweli.
Lakini na mimi sikumuuliza.

Jumanne nimepanda tena Mwakaleli, na barua ya karani, yenye muhuri.
Ukungu ulikuwa unashuka bila kuuliza mtu.
Lusekelo yuko palepale njiani, chupa ileile.
Nimeinua kamera kidogo tu, mpaka kifuani.
"Leo usinipige," akasema. "Sijanawa."

Nikafunika lenzi.
Akanimiminia uji kwenye kifuniko cha chupa,
tukasimama tukimtazama mama yake akichuma,
wala hakuna aliyetuona.